Mushauri wa Karatasi Zenye Mafuta

Karatasi ikirudi safi kutoka kwa mzazi, Mushauri wa lise yetu, shule ya sekondari, hakuiamini. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, halafu akamrudishia mwanafunzi.

"Hii umetia saini mwenyewe. Mama yako anauza ndagala. Sasa ndagala iko wapi hapa?"

Na kweli. Hapa Rumonge, Burundi, kando ya ziwa Tanganyika, mzazi wa kweli anaacha alama. Wa samaki, kama hao ndagala, dagaa wetu, anaacha magamba, seremala anaacha vumbi la mbao, na sisi wa mawese tunaacha kidole chekundu ambacho hata sabuni ya unga haikitoi. Karatasi zangu zote zilimfikia na doa, na alizipokea kama wengine wanavyopokea muhuri wa serikali.

Ninasimulia habari zake kwa sababu watu wanamsimulia vibaya. Wengine wanamfanya mtakatifu, wengine wanamfanya mjinga. Mimi nilimjua miaka mingi, na mwaka mmoja nikagombana naye kuanzia mvua mpaka kiangazi, kwa hiyo nina haki kuliko wao. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui na sikuuliza. Jina lake ninalo lakini sikulitumia hata mara moja. Wote tulimwita Mushauri. Hata mke wake, Mungu amrehemu, alimwita hivyo akimtafuta sokoni.

Kazi yake ilikuwa mbili. Ya kwanza, kuwaongoza watoto wa darasa la mwisho: baada ya dipolome waende wapi, wasome nini, wapeleke karatasi zipi na kabla ya siku gani. Hiyo wazazi tuliielewa. Ya pili, kuangalia moyo wa mwanafunzi, kama ametulia, kama analala, kama ana neno linalomkaba. Hiyo ya pili tuliicheka. Moyo wa mtoto wa Rumonge ulikuwa unaangaliwa na mama yake, tena kwa mwiko.

Ofisi yake ilikuwa zamani stoo ya majembe. Majembe yenyewe hayakutoka, maana diregita wa shule hakupata pa kuyapeleka. Kwa hiyo mtoto aliyekwenda kulia alilia katikati ya majembe. Siku moja nilimwambia hiyo ni aibu, mtu msomi kukaa na majembe.

"Acha yakae, Mama," akasema. "Mwenzake akichungulia dirishani, atafikiri huyu amekuja kuazima jembe."

Alikuwa mwembamba, shati kola imegeuzwa, kofia ya swala mfukoni tayari kwa adhuhuri. Kalamu aliweka tatu na zote hazikuandika. Alikuwa na misemo yake ambayo watoto waliirudia kwa kumwigiza sauti ya puani. "Tarehe ya mwisho si tarehe ya kuanza." "Usingizi ni somo, anayelikosa anarudia darasa." Mjukuu wangu alimwigiza vizuri sana, zamani hizo alipokuwa bado anaigiza watu.

Huyo mtu kazi yake ilikuwa kusaidia watu kuchagua, na yeye mwenyewe kuchagua hakuweza. Nimemwona kwa macho yangu sokoni, amesimama mbele ya mafungu mawili ya nyanya, bei moja, ukubwa mmoja. Anachukua hili, anarudisha. Anachukua lile, anarudisha. Mwuza nyanya akachoka, akamwekea yote mawili kwenye mfuko: "Nenda, Mushauri, utachagulia nyumbani." Mke wake aliacha kumtuma sokoni.

Tena alitufundisha tusilinganishe watoto. Kila mtoto na njia yake, wazazi, musilinganishe. Akimaliza hapo anatusimulia binti yake wa Bujumbura, anayefanya kazi benki, jinsi alivyokuwa anapanga kaye zake, yaani madaftari, akiwa mdogo, si kama hawa wa leo. Aliwahimiza vijana wafanye michezo, na yeye kutoka sokoni mpaka bandarini alikaa chini mara mbili.

Lakini kitu kilichomtofautisha na walimu wote niliowahi kuwaona, hapa na kule Tanzania kambini tulikoishi miaka yetu ya ukimbizi, ni ile barua yake ya kila mwezi.

Barua ilikuwa na sehemu mbili kama kazi yake: maisha baada ya dipolome, halafu afya ya moyo. Aliiandika kwa Kifaransa, diregita akaisoma, ikagongwa muhuri, ikatumwa nyumbani na watoto. Nyumbani ikafungiwa sabuni. Alipogundua hilo hakukasirika. Alianza kutufuata tulipo na kutusomea kwa Kiswahili. Ijumaa alisimama nje ya msikiti. Jumapili alisubiri Wakristo watoke kanisani, Mwislamu mzima na kofia yake, akimsalimia padri kama jirani wa duka. Jumamosi alikuja kwetu kwenye mashine ya mawese, akasubiri mashine izimwe, akapanda juu ya pipa lililofudikizwa.

"Wazazi, amahoro! Sehemu ya kwanza."

"Harakisha, Mushauri, mapipa inachemka!"

"Naharakisha. Karatasi ya kuzaliwa. Nyinyi muliorudi kutoka Tanzania, wengi watoto wenu hawana. Muanze leo. Picha ya mutoto, nyuma iwe nyeupe. Mama, picha uliyoniletea, nyuma iko mbuzi."

"Mbuzi mwenyewe ni mweupe!"

Tulicheka, lakini tulisikiliza. Na nikagundua jambo. Siku moja nilimwambia mjukuu wangu anisomee ile ya Kifaransa, neno kwa neno. Haikuwa barua ileile. Ya Kifaransa ilisema wanafunzi wanaendelea vizuri, wana ari, na shule inatarajia madaktari wanne. Ya Kiswahili ilisema watoto wanaogopa, na wawili wamezimia kwenye mtihani wa majaribio. Nikamsubiri pembeni ya mashine nikamkamata.

"Mushauri, wewe iko na midomo mbili?"

Hakuona haya. "Mama, diregita anataka kujua shule inakwenda wapi. Nyinyi munataka kujua mutoto anakwenda wapi. Hiyo ni barabara mbili."

Na mimi nikamcheka, nikijiona mjanja. Mimi barabara yangu ilikuwa moja tu.

Lazima niieleze hiyo barabara. Mjukuu wangu nilimlea tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Mimi shule niliishia darasa la pili. Huyu mtoto akaanza kuleta biletini, ripoti ya shule, na kila biletini nafasi ya kwanza. Ya kwanza, ya kwanza, ya kwanza, mpaka nikaacha kumwuliza, namwangalia usoni tu. Nikatangaza kwamba atakuwa daktari. Sikumtangazia yeye, niliutangazia mtaa. Wakaanza kuniita Bibi Dogiteri kabla hajafika hata darasa la mwisho. Kwenye harusi nikawekewa kiti cha mbele. Wanawake walinionyesha magoti yao yaliyovimba, na mimi nisiyeweza kusoma karatasi ya dawa nikawa nabonyeza goti, natikisa kichwa, nasema, "Hii imsubiri mjukuu wangu." Nilishashona kitenge cha siku atakapoanza chuo. Haikuwa nguo ya mchezo: ilikuwa na mikono ya kuvimba.

Na pale lise, kwenye ukuta wa njia, kulikuwa na ubao mweusi. Kila mwanafunzi aliyekwenda kusoma udaktari jina lake liliandikwa kwa rangi nyeupe. Waliokwenda kusoma kitu kingine hawakuwa na ubao. Mwandishi wa ubao huo alikuwa Mushauri mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa na mwandiko. Nilikwenda kuuangalia mara nyingi. Nilishachagua mahali pa jina letu.

Basi, ikaja karatasi ya kuchagua masomo ya chuo. Ilikuwa na mistari mitatu: unalotaka kwanza, la pili, la tatu. Nikamkalisha mtoto mezani. Mstari wa kwanza nikamwambia aandike udaktari. Wa pili, udaktari. Wa tatu, kwa usalama, udaktari. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Nikabonyeza kidole changu chini, chekundu, mpaka mafuta yakapenya karatasi.

Mushauri akairudisha mwenyewe mpaka kwangu.

"Mama, mistari iko tatu."

"Na jibu iko moja."

"Karatasi inauliza mutoto."

"Mutoto ameandika. Huo si mwandiko wake?"

Akaikunja akaiweka mfukoni kwenye zile kalamu zisizoandika. "Iko bado wiki tatu," akasema, akaenda zake. Nilifikiri nimemshinda.

Jumamosi iliyofuata akaja kwenye mashine. Akasoma sehemu ya kwanza, haraka kuliko siku zote. Halafu akavuta pumzi.

"Sehemu ya pili. Afya ya moyo. Kuna dalili, wazazi, muziangalie. Mutoto aliyezoea kuimba akiosha vyombo, sasa haimbi. Anaosha sufuria moja mara tatu. Chakula anakitoa upande huu wa sahani anakipeleka upande huu, kama mutu anahamisha udongo. Ukimwita anaitika mbio, jina hujamaliza. Ukimwuliza uko muzima, anasema niko sawa, na swali bado iko mudomoni mwako."

Unajua mimi nilifanya nini? Nilisimama. Mikono kiunoni, mafuta mpaka viwikoni.

"Na mzazi wake iko wapi?" nikapaza sauti. "Amekufa macho? Mutoto anaisha ndani ya nyumba, mama anafanya nini, anachezea vidole? Mwanamuke kama huyo, mimi ningemunyang'anya huyo mutoto leo hii!"

Nilitegemea wenzangu wanipigie makofi, maana kwa kawaida nikisema neno pale mashineni linapigiwa makofi. Hakuna aliyepiga. Mmoja alianza kukoroga pipa ambalo lilishakorogwa. Mwingine alikuta kitu cha kuangalia kwenye kucha zake. Jirani yangu, tunayegawana mashine miaka yote, alinivuta upindo wa kitenge.

"Weye," akaninong'oneza, "leo nyamaza tu."

Mushauri akaikunja barua. "Murakoze, Mama," akanishukuru kwa adabu zote. "Wazo lako nimelisikia." Akashuka kwenye pipa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu iliyojua kitu ambacho kichwa kilikuwa bado kinakataa. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya mlango wa uani. Mjukuu wangu alikuwa amechutama, anaosha sufuria. Aliisugua, akaisuuza, akaifudikiza. Akaigeuza, akaisugua tena. Akaifudikiza. Nikamwomba Mungu aiache hapo. Akaigeuza.

Nikamwita, ili nijaribu tu. Sikumaliza jina.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Mushauri kabla ya kengele. Sikwenda kutubu, nisidanganye. Nilikwenda kupigana.

"Umenianika mbele ya watu kama ndagala!"

"Kaa, Mama."

"Sikai! Umenitaja!"

"Nimetaja nani?"

"Sufuria! Umetaja sufuria!"

Akafunga mlango, akaegemea majembe yake. Alionekana amechoka, macho mekundu, yeye mwalimu wa usingizi.

"Sufuria iko kila nyumba. Jumamosi jioni alikuja baba mmoja, fundi baiskeli, analia. Anasema Mushauri, huyo ni mutoto wangu umesema. Jana wamekuja wengine watatu, kila mumoja anasema ni sufuria yake. Wewe ni wa tano."

Nitasema ukweli ingawa haunipambi. Nilikasirika zaidi. Hata kwenye aibu nilishazoea kuwa wa kwanza.

"Basi niambie," nikasema. "Amekwambia nini, mjukuu wangu?"

"Hiyo siwezi."

"Mimi ndiye ninayemlisha!"

"Najua. Na siwezi. Akitaka atakwambia yeye." Akanivutia benchi ya wanafunzi, fupi, magoti yakanifika kifuani. "Nikuulize swali moja tu. Nitajie vitu vitano ambavyo mutoto anapenda. Visiwe vya shule."

Nikacheka. Vitano tu!

"Ndagala wa kukaanga," nikasema.

"Kimoja."

"Anapenda... anapenda kunitii."

"Hiyo sihesabu."

"Anapenda kuwa wa kwanza."

"Hiyo ni ya shule. Tena ni yako."

Nikafikiri. Nikaangalia majembe. Nilijua pointi zake zote tangu darasa la kwanza, ningeweza kuzitaja usingizini. Nilijua namba ya viatu vyake na siku zake za mwezi. Cha pili sikukipata. Mushauri hakunisaidia, hakunikimbiza. Nje kengele ikalia, watoto wakaimba wimbo wa asubuhi wakamaliza, na mimi bado niko na ndagala wangu mmoja.

"Nenda ukatafute," akasema mwishowe. "Usimwulize. Angalia tu."

Nikatafuta kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Siku ya kwanza sikuona kitu, ya pili sikuona kitu. Siku ya tatu nikamfuata alipotoka na ndoo. Alipita bomba, hakusimama. Akashuka mpaka kule chini ambako ziwa limekula nyumba. Wanaojua Rumonge wanajua: Tanganyika ilipanda ikaingia vyumbani, watu wakahama na vitanda vyao, kuta zikabaki zimesimama majini. Mjukuu wangu akavua viatu, akaingia maji ya magoti, akaenda kwenye ukuta wa nyumba iliyokuwa ya jirani yetu. Ukutani kulikuwa na mistari ya makaa, mingi, mmoja juu ya mwingine kama ngazi ya sisimizi. Akatoa kamba yenye mafundo, akapima. Akaandika kwenye kaye.

"Unafanya nini huko?"

Alishtuka mpaka kamba ikaanguka. "Naandika maji, Bibi."

"Maji inaandikwa?"

"Kila Jumatano na kila Jumapili. Tangu yalipoingia." Akaokota kamba. "Watu wanabishana, huyu anasema yamepanda, huyu anasema yameshuka. Mimi nilitaka kujua."

Nikachukua kaye. Darasa la pili langu linatosha kusoma namba. Kurasa na kurasa za namba, mwandiko mzuri, na pembeni vineno vidogo: mvua, upepo wa kusini, mto umeleta matope. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Hakuna pointi.

"Na udaktari?" nikauliza. Sikutaka kuuliza, mdomo uliuliza.

"Bibi, nikiona damu naona giza."

Hapo nikakumbuka. Kila tulipochinja kuku, huyu mtoto alikuwa anakimbilia ndoo kwenda kuchota maji. Kila kuku. Miaka yote nilimsifu kwa watu kwa bidii yake ya kuchota maji.

Nikarudi kwa Mushauri. Nilimkuta anakoroga rangi nyeupe kwenye kopo.

"Maji inasomewa?" nikamwuliza. "Mimi najua maji inanywewa."

"Inasomewa, Mama. Udongo, maziwa, mito, mvua. Iko chuo, Bujumbura." Akaweka kijiti chini. "Amekwambia, kumbe."

"Ameniambia. Na wewe ulijua."

"Nilijua." Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nimheshimu, ingawa lilimshusha. "Nikwambie ukweli? Mimi pia nilitaka awe dogiteri. Barua ya Kifaransa nilishaahidi wanne. Yeye alikuwa wa nne. Rangi hii nilimnunulia yeye."

Tukaliangalia lile kopo, wote wawili, kama watu waliofiwa na mtu mmoja.

Akatoa karatasi mpya ya kuchagua. Mjukuu wangu akaitwa, akaandika mistari yake mitatu, yeye na karatasi yake, mimi nikiangalia dirishani kwa nguvu zangu zote. Sijui wa pili na wa tatu aliandika nini mpaka leo. Nikaletewa nibonyeze kidole. Sikuwahi kubeba pipa zito kama kidole kile.

Diregita alimnunia Mushauri muhula mzima. Ubao ukapata majina matatu. Na mtaa wangu, ambao haukosi kazi, ukanibadilishia jina nikawa Bibi Maji. Kiti cha mbele kikaenda kwa mama wa mwanajeshi. Wenye magoti wakaniambia, "Kwa hiyo tusisubiri tena?" Nikawaambia waende hospitali, walitakiwa kwenda zamani.

Wanaomfanya Mushauri mtakatifu wanasimulia kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Hayakunyooka. Mwaka wa kwanza chuoni mjukuu wangu aliurudia. Mtoto wa nafasi ya kwanza, akarudia! Nilimpelekea habari Mushauri kama mtu anayerudisha mali mbovu dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikupigia simu mwenyewe kukwambia?"

"Alinipigia."

"Alilia?"

"Alilia, akanuna, akaniomba nimtumie mawese."

"Basi hiyo ni afya nzuri sana," akasema, na nikatamani kumpiga na jembe mojawapo.

Mwaka uliofuata alipita, na uliofuata. Mushauri akafika umri wa kupumzika. Walimfanyia sherehe ya soda. Diregita alisoma hotuba ndefu kwa Kifaransa, yeye alijibu kwa Kiswahili kifupi, na waliojua lugha zote mbili walisema hakuna aliyemjibu mwenzake. Mke wake alishafariki. Akaondoka Rumonge, akaenda Kabonga kule upande wa mpakani, kwenye nyumba aliyoachiwa na kaka yake. Dada yake mdogo, mjane, aliishi juu kidogo, kando ya barabara. Tukapotezana.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilipanda gari kwenda Kabonga kutafuta mikungu ya mawese, maana ya huku bei imechanganyikiwa. Nilipomaliza biashara nikauliza kwa Mushauri ni wapi. Dada yake ndiye aliyenionyesha, na aliposikia ninatoka Rumonge akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mama, zungumza naye. Mimi ameshanikataa. Binti yake amepiga simu mpaka amechoka. Chumba kwangu kiko tayari, kitanda kiko tayari. Hataki kuhama."

"Kuhama kwa nini?"

"Shuka uone."

Nikashuka, nikaona. Ziwa lilikuwa uani. Halikuwa karibu na ua, lilikuwa uani. Choo kilishaanguka upande. Mushauri alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha mbao, mwembamba zaidi, miguu juu ya tofali ili isilowe, kofia kichwani, anasoma gazeti la zamani. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Akafurahi kweli. Akauliza habari za mashine, za wale wanawake, nani amekufa, nani ameolewa tena.

"Na yule mjukuu?"

"Anapima ziwa," nikasema. "Ni kazi yake sasa, iko staji, anajifunza kazi Bujumbura na watu wa maji. Subiri."

Nikampigia. Nikamwambia niko wapi na ninaona nini. Sauti yake ikabadilika, ikawa sauti ya kazi. Aliuliza nyumba iko upande gani wa mto. Matete bado yamesimama mbele au yamelala. Ukuta una nyufa za kwenda juu au za kwenda pembeni. Nikawa nazunguka nyumba na sketi nimeinua, najibu. Halafu akaniambia niweke simu yenye sauti kubwa.

"Mwalimu, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, uhame. Mvua ikianza ukuta wa nyuma hautasimama. Sisemi mwezi ujao. Nasema wiki hii."

Mushauri aliinamia simu, akakubali kwa kichwa kila neno. Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Murakoze sana, mwanangu. Maelezo mazuri, yamepangwa vizuri sana. Nimekusikia. Nitayafikiria."

"Bibi, amesema atafikiria?"

"Amesema."

"Basi hahami," akasema mjukuu wangu.

Nikakata simu. Nikamwangalia Mushauri, na yeye akaanza kunieleza, kwa upole, kidole juu, kwamba uamuzi ni wa mtu, kwamba mtu hasukumwi, kwamba kila mtu ana wakati wake wa kufika. Ilikuwa hotuba nzuri. Wakati anaitoa, wimbi dogo likapanda kibarazani, likachukua kandambili yake moja, likaenda nayo. Hakuiona.

Mimi sikusomea ushauri. Niliingia ndani, nikakunja godoro, nikalifunga kwa kitenge, nikajitwika kichwani.

"Mama!" akapiga kelele akisimama. "Mama, hatujamaliza kuongea!"

"Ongea," nikamwambia, nikaanza kupanda kuelekea barabarani. "Ongea huku umebeba kiti."